Mechi ikiuzwa, hata ushindi wa zamani unakufa

Huko Tunda hakuna kiwanja cha kriketi. Katika kijiji hicho cha Maniema, kinachojulikana kwa hospitali yake na kwa misheni ya Wametodisti, watoto wanacheza mpira wa miguu, na mara nyingi mpira wenyewe ni matambara yaliyofungwa kwa kamba. Ukiwaomba wataje mchezaji mmoja wa kriketi, watakutazama kisha watacheka. Ni haki yao. Kriketi ilifika Afrika pamoja na Waingereza, na Congo ilitawaliwa na Wabelgiji.

Hata hivyo, kuna habari moja ya kriketi ambayo vijana wa Tunda, wa Kibombo na wa Kindu wanapaswa kuijua, hasa wale ambao asubuhi wanatazama kwanza karatasi ya pari kabla ya kutazama kama kuna unga nyumbani. Ni habari ya Kenya: namna timu iliyopendwa na Afrika nzima ilivyopoteza imani ya mashabiki wake. Leo pari za michezo zimeingia mpaka ndani ya simu za vijijini, na habari hiyo si ya Wakenya peke yao tena.

Siku ile ya Nairobi

Chukua mfano wa kijana wa Maniema aliyekimbia vita akafika Nairobi. Huyu ni wa mfano tu, lakini Wakongomani wa namna yake walikuwa wengi huko mwaka wa 2003. Amepata kazi ya kubeba mizigo kwenye duka la Muhindi mmoja. Dukani kuna televisheni, na televisheni inaonyesha kriketi kutwa nzima. Mwanzoni haelewi kitu. Anaona mtu mmoja anarusha mpira kwa mkono, mwingine anaupiga kwa ubao, watu wanakimbia kwenda na kurudi, na mchezo hauishi.

Pole pole anaelewa. Timu mbili, kila moja watu 11. Mpigaji analinda vijiti vitatu vilivyo nyuma yake. Mpira ukivigusa, ametoka. Akiupiga mbali, anakimbia na kuhesabiwa pointi. Katika mechi ya siku moja, kila timu inarushiwa mipira 300, kisha hesabu inafanywa. Ni mchezo wa subira, na mtu aliyezoea kungojea gari moshi huko Kindu anajua subira ni nini.

Tarehe 24 Februari 2003, Kenya ilipokea Sri Lanka mjini Nairobi katika Kombe la Dunia. Sri Lanka ilikuwa bingwa wa dunia wa mwaka wa 1996. Kenya ilipata pointi 210, na wengi walidhani ni kidogo. Kisha Collins Obuya, kijana ambaye dunia haikumjua, akaanza kurusha mipira yake yenye kuzunguka, akawatoa wapigaji watano. Sri Lanka ikafika 157 tu. Wachezaji wa Kenya walikimbia kuzunguka kiwanja, na watu waliokuwa hawajawahi kutazama kriketi wakaimba barabarani.

Baadaye Kenya ikashinda Bangladesh, ikashinda Zimbabwe, ikafika nusu fainali. Kusema ukweli, sehemu ya njia ilirahisishwa: New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa sababu ya usalama, na Kenya ikapewa pointi bila kucheza. Lakini hakuna aliyewapa ushindi juu ya Sri Lanka. Tarehe 20 Machi huko Durban, India iliwashinda kwa tofauti ya pointi 91, na hata hivyo walirudi nyumbani kama mashujaa. Kijana wetu wa mfano, mkimbizi asiye na karatasi nzuri, alikuwa amepata kitu cha kujivunia katika mji wa wageni. Timu haikuwa yake kwa uraia. Ilikuwa yake kwa furaha.

Agosti 2004

Katika timu hiyo alikuwamo Maurice Odumbe. Ndiye aliyekuwa kapiteni mwaka wa 1996 huko Pune, India, siku Kenya ilipowashangaza West Indies, mabingwa wa dunia mara mbili, kwa kuwatoa wote kwa pointi 93. Siku ile Odumbe mwenyewe alitoa wapigaji watatu. Mwaka wa 2003 alikuwa mkongwe wa timu, mwenye mavazi mazuri na maneno matamu, na watoto wa Nairobi walimwiga.

Agosti 2004, Baraza la Kriketi la Kimataifa, ICC, likatangaza hukumu. Jaji Ahmed Ebrahim wa Zimbabwe alikuwa amesikiliza mashahidi, na mmoja wao alikuwa mke wa zamani wa Odumbe. Jaji aliona kwamba mchezaji huyo alipokea feza mara kadhaa na alikuwa na uhusiano na mtu wa India aliyejulikana kwa biashara ya pari. Akafungiwa miaka mitano. Odumbe alikana, na aliendelea kukana miaka yote iliyofuata.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Hukumu ile ilihusu feza na urafiki na mtu wa pari. Haikusema kwamba ushindi juu ya Sri Lanka ulinunuliwa. Haikusema kwamba Obuya alidanganya, wala Steve Tikolo, kapiteni wa 2003. Mbele ya sheria, siku ile ya Nairobi imebaki safi.

Lakini moyo wa shabiki hauendi kama tribinali. Yeye anarudi nyuma na kuanza kuhesabu upya. Ule mpira ulioanguka mkononi mwa mchezaji, uliteleza kweli? Yule aliyetoka mapema siku ile, alishindwa au alikubaliana? Na wale wapinzani waliopiga vibaya namna ile, nani alikuwa amewalipa? Waswahili wanasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo inawaonea samaki wazima, lakini ndivyo pua inavyofanya kazi.

Huu ndio wizi mkubwa wa kuuza mechi, na ndio usiotajwa sana. Watu wanahesabu dola ambazo mchezaji alipokea. Hawahesabu kilichochukuliwa kwa mtu aliyekaa mbele ya televisheni bila kulipwa kitu. Mwizi wa kawaida anaiba ulicho nacho leo. Mwenye kuuza mechi anaingia mpaka katika mwaka uliopita na kuchukua furaha ambayo ulidhani umekwisha kuiweka salama. Shabiki aliyeacha kuamini kushindwa anaacha pia kuamini kushinda.

Kipande kidogo kinachouzwa

Kwa nini kriketi iliathirika hivyo? Jibu liko katika hesabu ile ya mipira 300. Kila mpira ni tukio lake, na kila tukio linaweza kuwekewa pari. Mnunuzi hahitaji timu nzima wala matokeo ya mwisho. Anahitaji mtu mmoja na dakika moja.

Dunia iliona wazi jambo hilo Agosti 2010, uwanjani Lord's, London. Mwandishi wa gazeti la News of the World alijifanya mfanyabiashara, akampa wakala Mazhar Majeed pauni 150.000. Wakala akamwambia mapema ni mipira gani mitatu itakuwa si halali, yaani mrushaji atavusha mguu mstari. Ikawa vile vile. Mwaka uliofuata, tribinali ya London iliwapeleka gerezani kapiteni wa Pakistan Salman Butt, na warushaji Mohammad Asif na Mohammad Amir. Amir alikuwa na miaka 18 wakati wa kosa. Mipira mitatu isiyo halali haikubadilisha mshindi. Ilibadilisha tu kile ambacho watu wanaona wanapotazama mguu wa mrushaji.

Miaka kumi kabla ya hapo ilikuwa zamu ya Afrika Kusini. Hansie Cronje, kapiteni aliyesifiwa kwa uchaji wa Mungu, alinaswa Aprili 2000 baada ya polisi wa Delhi kutangaza mazungumzo yake ya simu na mtu wa pari. Alikana, kisha siku chache baadaye akakiri kwamba alipokea feza. Alifungiwa maisha, na mwaka wa 2002 akafa katika ajali ya ndege. Mmoja wa wachezaji wake, Herschelle Gibbs, alikuwa ameahidiwa dola 15.000 ili apige chini ya pointi 20. Alikubali, lakini alipoingia uwanjani akapiga 74. Alifungiwa miezi sita hata hivyo, kwa kuwa kosa lilikuwa limekwisha kufanyika pale alipokubali. Mfano huo unafaa kufundishwa kila mahali: anayepokea ahadi amekwisha kuuza, hata kama mzigo haujafika.

Umaskini si jibu lote

Wapo wanaosema: mchezaji ni maskini, chama kinakula feza zake, afanye nini? Hoja hiyo ina ukweli wake na haifai kudharauliwa. Baada ya 2003, wachezaji wa Kenya waligombana na viongozi wao juu ya malipo hadi wakagoma. Chama kile cha zamani kikaondolewa na kingine kikachukua nafasi yake mwaka wa 2005. Feza zilizoletwa na sifa ya nusu fainali hazikujenga timu ya kesho. Katika Kombe la Dunia la 2011 Kenya ilipoteza mechi zake zote sita, na mwaka wa 2014 ikapoteza haki ya kuhesabiwa kati ya nchi zinazocheza mechi rasmi za siku moja. Kumtupia Odumbe peke yake anguko hilo ni kuwaosha viongozi mikono.

Lakini Cronje hakuwa maskini. Butt hakuwa maskini. Njaa inafungua mlango, na tamaa inaweza kuuvunja hata ukiwa na kufuli. Anayetaka kulinda mchezo afanye mambo mawili pamoja: amlipe mchezaji kwa wakati, na amwadhibu anayeuza bila kujali jina lake. Kufanya moja bila lingine ni kupaka dawa nusu ya kidonda.

Kuna pia jambo la kurudi. Odumbe alimaliza kifungo chake mwaka wa 2009 akacheza tena, na mwaka wa 2018 akapewa kazi ya kufundisha timu ya taifa ya Kenya. Mtu aliyetumikia adhabu ana haki ya kula jasho lake. Hakuna sheria ya kumnyima mpaka kaburini. Lakini shabiki naye alikuwa na haki ya kuambiwa kitu. Kumrudisha mtu bila kuzungumza na waliomwamini ni kama kurudisha mume nyumbani usiku wa manane na kusema mbele ya watoto kwamba hakuna kilichotokea.

Mpira wa miguu haujasalimika

Msomaji wa Kindu asidhani ugonjwa huu ni wa kriketi. Mwaka wa 2020, FIFA ilimfungia miaka kumi George Owino, mlinzi wa zamani wa Harambee Stars ya Kenya, kwa kushirikiana na Wilson Raj Perumal wa Singapore, mmoja wa wanunuzi wa mechi waliojulikana zaidi duniani. Mechi zenyewe zilikuwa za timu ya taifa. Wakati huo huo wachezaji wanne waliokuwa Kakamega Homeboyz walifungiwa, mmoja wao, Muganda, kwa maisha. Zingatia ukubwa wa mahali: Singapore ni mbali sana na Kenya, na bado mnunuzi alifika. Feza hiyo haihitaji barabara nzuri. Ile inayofika Kenya inaweza kufika Kindu.

Na Kindu ina cha kulinda. AS Maniema Union, timu ya mji, imeipeleka bendera ya jimbo mahali ambapo wanasiasa wake hawajaipeleka. Msimu wa 2024-2025 ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika, ikakutana na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, pamoja na Raja Casablanca na AS FAR za Maroko. Watu wa Maniema walifuata mechi hizo kwa redio na kwa simu, wengine wakiwa kwenye machimbo, wengine pembeni ya mto. Jimbo ambalo kwa kawaida linatajwa kwa vita, kwa barabara zilizokufa na kwa magonjwa, lilitajwa kwa mpira.

Hakuna haja ya kumshuku mtu yeyote wa timu hiyo, na makala hii haimshuku. Hatari iko mahali pengine. Sikiliza mazungumzo ya mashabiki wa Congo baada ya mechi iliyopotea. Neno la kwanza ni lipi? Wameuza. Mlinzi akiteleza, ameuza. Arbitri akikosea, amekula. Kipa akipitwa na mpira wa mbali, ameonekana juzi na simu mpya. Mara nyingi hakuna ushahidi hata wa punje. Neno hilo limekuwa jepesi kama salamu.

Wepesi huo una madhara mawili. Unamchafua mchezaji aliyetoa jasho lake kwa haki na akashindwa tu, jambo ambalo katika mchezo lazima limpate mmoja. Na unamficha muuzaji wa kweli. Pale ambapo wote wanaitwa wezi, mwizi anatembea kwa raha. Siku ukweli utakapotokea, nani atashangaa?

Shabiki naye ana mkono wake

Hapa shabiki asijiweke pembeni kama aliyeonewa tu. Kijana anayeweka franka zake za chakula kwenye pari hanunui mechi, ni kweli. Lakini soko linalolisha wanunuzi wa mechi linajazwa na franka ndogo ndogo za watu wengi. Mnunuzi anataka mahali ambapo kuna feza nyingi na macho machache. Ndiyo sababu anapenda ligi ambazo televisheni haifiki, ambako mchezaji hajalipwa miezi mingi na arbitri anarudi kwake kwa miguu.

Tena kuna mazoea ya mtaani. Katika mashindano ya kijiji, mtu akimpa arbitri kitu kidogo ili timu ya mtaa wake ipate penaliti, watu wanacheka na kumwita mjanja. Watoto wanasikia. Mtoto wa miaka kumi aliyeona kaka yake akisifiwa kwa kununua penaliti ya kijiji, kesho atashangaa nini akiambiwa kwamba mtu wa Singapore amenunua mechi ya taifa? Tofauti ni bei tu.

Kwa hiyo kazi ianzie chini. Vilabu na mashirikisho ya mpira, kuanzia Kindu mpaka Kinshasa, yaandike katika mkataba wa kila mchezaji na kila arbitri kwamba haruhusiwi kucheza pari juu ya mchezo wake. Mishahara ilipwe kwa tarehe inayojulikana. Iwepo njia ya siri ya kutoa habari, ili kijana aliyefuatwa na mtu mwenye bahasha ajue ampigie nani bila kuogopa kupoteza nafasi yake. Nyumba za pari zifukuze watoto badala ya kuwavutia. Na anapopatikana mwenye hatia, asiadhibiwe mchezaji peke yake huku aliyeleta bahasha akirudi hotelini kwake.

Kwamba jambo hilo linawezekana, kriketi hiyo hiyo imeonyesha. Juni 2024, Uganda ilicheza Kombe la Dunia la kriketi ya mechi fupi kwa mara ya kwanza. Shirika la habari la India liliripoti kwamba mchezaji mmoja wa Uganda alifuatwa kwa simu, akiwa huko Guyana, na mchezaji wa zamani wa Kenya. Mganda huyo hakunyamaza. Aliwaambia watu wa ICC wanaoshughulikia rushwa. Jina lake halikutangazwa, na huenda mashabiki wa Kampala hawatalijua kamwe. Lakini wanaweza kutazama tena mechi za timu yao za mwaka ule, pamoja na ushindi wao juu ya Papua New Guinea, bila kuanza kuhesabu upya.

Kijana yule wa mfano, kama alirudi Maniema baada ya vita, leo ni mtu mzima mwenye watoto. Labda anakaa Tunda na jioni anawatazama wakifukuza mpira wao wa matambara. Anayeshindwa analia kweli, na anayeshinda anaruka kweli, kwa sababu hakuna aliyemlipa mwingine. Siku mmoja wao atakapomuuliza kama Kenya iliishinda Sri Lanka kwa haki, anaweza kujibu ndiyo, maana hakuna hukumu iliyosema vingine. Lakini kabla ya kujibu atanyamaza kidogo. Odumbe alikwisha kutumikia miaka yake mitano. Kimya hicho hakijaisha.